Majid bin Said

Majid bin Said Al-Busaidi (takriban 1834 – 7 Oktoba 1870) alikuwa mtawala wa Zanzibar kuanzia mwaka 1856 hadi kifo chake. Alikuwa sultani wa kwanza kuitawala Zanzibar ikiwa nchi iliyotengana na Omani. Anakumbukwa hasa kama mwanzilishi wa Dar es Salaam, mji aliouanza katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima. Leo mji huo ndio mkubwa kuliko yote nchini Tanzania.

Katika vitabu vya historia Majid mara nyingi hupewa kurasa chache. Kabla yake alitawala baba yake, Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Zanzibar na kueneza kilimo cha karafuu. Baada yake alitawala ndugu yake, Barghash bin Said, aliyejenga jumba la Beit al-Ajaib na kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Miaka 14 ya Majid iko katikati ya tawala hizo mbili. Hata hivyo ndani ya miaka hiyo Zanzibar ilitengana na Omani, na palianzishwa mji ambao baadaye ulikuja kuwa makao makuu ya nchi nzima ya bara.

Maisha ya awali

Majid alizaliwa Zanzibar. Alikuwa mmoja wa watoto wengi wa Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mama yake, Sara, alikuwa suria wa Kicherkesi, yaani mwenye asili ya milima ya Kaukazi, na alifariki mapema. Sara alikuwa rafiki wa karibu wa suria mwingine wa Kicherkesi, mama yake Salme binti Said. Wanawake hao wawili waliahidiana kwamba atakayebaki hai atawalea watoto wa mwenzake. Ndiyo maana Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, alikaa kwa muda pamoja na mama yake katika nyumba ya kaka yake Majid, iliyoitwa Beit al-Watoro. Salme ndiye aliyekuja kujulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, na kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1886 zimehifadhi habari nyingi za Majid akiwa kijana.

Kwa mujibu wa kumbukumbu hizo Majid alikuwa mtu mpole, aliyependwa na watu wa nyumbani mwake. Tangu ujana alisumbuliwa na ugonjwa wa kuanguka unaofanana na kifafa. Afya yake haikuwa nzuri maisha yake yote, na wapinzani wake walitumia jambo hilo kudai kwamba hafai kutawala.

Kurithi utawala

Said bin Sultan alikuwa amemweka mwanawe Khalid kuwa msimamizi wa Zanzibar kila aliposafiri kwenda Omani. Khalid alifariki mwaka 1854, na Majid akashika nafasi hiyo akiwa na umri wa miaka 20 hivi. Mnamo 19 Oktoba 1856 Said mwenyewe alifariki baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, akiwa safarini kutoka Maskati. Barghash alikuwa pamoja na baba yake melini. Jahazi lilipofika Zanzibar alijaribu kuyakamata madaraka, lakini hakufaulu. Majid alitangazwa kuwa mtawala.

Huko Maskati kaka yao mkubwa, Thuwaini bin Said, alishika utawala wa Omani, naye aliiona Zanzibar kuwa sehemu ya urithi wake. Sababu ya ugomvi ilikuwa pia mali. Zanzibar, pamoja na karafuu, pembe za ndovu, sandarusi na biashara ya watumwa, ilikuwa na mapato makubwa kuliko Omani. Yalifikiwa mapatano kwamba Majid ampelekee Thuwaini reale 40,000 za Maria Theresa kila mwaka, lakini pande hizo mbili hazikuelewana juu ya maana ya fedha hizo. Kwa Thuwaini ilikuwa kodi ya mtu aliye chini yake; kwa Majid ilikuwa fedha ya kudumisha amani kati ya ndugu.

Mwaka 1859 Thuwaini aliandaa merikebu za kuivamia Zanzibar. Waingereza, ambao hawakutaka vita katika njia ya kwenda India, walizirudisha nyuma kabla hazijafika. Mwaka huohuo Barghash aliasi akiungwa mkono na baadhi ya wakubwa wa ukoo wa Al-Harthi. Salme, aliyekuwa bado msichana, aliwasaidia waasi hao kwa kuwaandikia barua. Uasi ulizimwa katika shamba lililoitwa Marseilles kwa msaada wa wanamaji wa Kiingereza, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Dada yake Salme hakuadhibiwa na Majid.

Kutengana na Omani

Madai ya ndugu hao yalipelekwa mbele ya Lord Canning, gavana mkuu wa Uingereza nchini India. Uamuzi wake ulitolewa Aprili 1861. Zanzibar na milki zake za Afrika zilibaki kwa Majid, Omani ikabaki kwa Thuwaini, na Majid akatakiwa kuendelea kulipa reale 40,000 kila mwaka kwa kuwa sehemu yake ilikuwa tajiri zaidi. Mnamo 10 Machi 1862 Uingereza na Ufaransa zilitangaza kwa pamoja kwamba zitaheshimu uhuru wa nchi zote mbili. Thuwaini alipouawa na mwanawe Salim mwaka 1866, Majid aliacha kulipa fedha hizo.

Uamuzi huo ulimpa Majid nchi, lakini pia ulionyesha udhaifu wake. Kiti chake kilikuwa kimeokolewa mara mbili kwa nguvu za Waingereza, na tangu hapo konseli wa Uingereza alikuwa na sauti kubwa katika mambo ya Zanzibar.

Namna ya kutawala

Utawala wa Majid haukuwa na wizara wala ofisi nyingi kama serikali za leo. Sultani alisikiliza mashauri barazani. Miji mikubwa ya pwani, kama Mombasa, Bagamoyo na Kilwa, ilisimamiwa kwa niaba yake na maliwali na maofisa wengine, wakisaidiwa na vikosi vidogo vya askari, wengi wao Wabulushi. Kesi za sheria ya Kiislamu ziliamuliwa na makadhi. Chini yao walikuwepo majumbe na madiwani, wakubwa wa asili wa miji ya Waswahili, ambao waliendelea kuongoza watu wao na kupokea ada zao za zamani.

Mapato makuu yalikuwa ushuru wa forodha. Bidhaa zilizoingia kutoka nchi zenye mikataba na Zanzibar zilitozwa asilimia 5. Sultani hakukusanya ushuru huo mwenyewe, bali aliukodisha kwa kampuni ya mfanyabiashara Mhindi Jairam Shivji, ambayo wakala wake maarufu Zanzibar alikuwa Ladha Damji. Kampuni ilimlipa sultani kiasi cha mapatano kila mwaka na kubaki na ziada. Pia ilimkopesha fedha, na Majid alipofariki aliacha deni kubwa kwa kampuni hiyo.

Mamlaka ya sultani barani yalipungua kadiri mtu alivyoondoka pwani. Misafara ya biashara ilifika Unyamwezi, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ikiwa na barua zake, lakini watawala wa huko walikuwa na nguvu zao wenyewe. Hata pwani hakutiiwa kila mahali. Katika miaka ya 1860 alilazimika kupigana ili kuutiisha mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate.

Katika mambo ya nje Majid alitia saini mkataba wa biashara na miji ya Kijerumani ya Hamburg, Bremen na Lübeck mwaka 1859. Wasafiri wa Ulaya waliopitia Zanzibar kwenda bara walipata msaada wake. Miongoni mwao walikuwa Richard Burton na John Speke, na pia David Livingstone, aliyefika mwaka 1866.

Biashara ya watumwa

Wakati wa Majid Zanzibar ilikuwa soko kubwa la watumwa la Afrika ya Mashariki. Maelfu ya watu waliletwa kila mwaka, wengi wao kutoka nchi za karibu na Ziwa Nyasa kwa njia ya Kilwa. Baadhi waliuzwa Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, na wengine walibaki kufanya kazi katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba. Mikataba ya baba yake ilikuwa imekataza kuwasafirisha nje ya milki za sultani, lakini usafirishaji kati ya bandari za milki hizo ulikuwa halali.

Waingereza walimbana Majid apunguze biashara hiyo. Mwaka 1864 alipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari katika miezi ya mwanzo wa mwaka, majira ambayo majahazi ya Kiarabu huwa Zanzibar yakisubiri upepo wa kusi. Marufuku hayo hayakuikomesha biashara. Utajiri wa matajiri wa Zanzibar, na wa sultani mwenyewe, ulitegemea kazi ya watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, miaka mitatu baada ya kifo chake.

Kuanzisha Dar es Salaam

Kabla ya Majid, mahali hapo hapakuwa patupu. Mzizima kilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima kwenye ufuko wa bahari ya wazi, kaskazini ya mlango wa bandari, upande ilipo leo Hospitali ya Ocean Road. Wakazi wake walikuwa Washomvi, Waswahili ambao mapokeo yao hutaja asili ya Barawa, pwani ya Somalia. Nyuma yao waliishi Wazaramo. Mapokeo husimulia kwamba Wazaramo, chini ya kiongozi wao Pazi, waliwasaidia Washomvi dhidi ya maadui kutoka bara, na Washomvi wakaahidi kuwapa ada ya vitu kama chumvi na nguo. Kwa hiyo palikuwa na mapatano ya utawala na ujirani hata kabla ya sultani kufika.

Miaka ya kuanzishwa kwa mji hutajwa kwa namna tofauti. Vitabu vingi vya shule hutaja mwaka 1862, lakini kazi kubwa ya ujenzi ilifanyika kati ya mwaka 1865 na 1867. Majid hakujenga Mzizima penyewe, bali kusini yake, ukingoni mwa ghuba iliyojificha ndani. Aliuita mji wake kwa jina la Kiarabu ambalo wengine hulifasiri kuwa makao ya amani, na wengine huliona kuwa limefupishwa kutoka maneno yenye maana ya bandari ya amani.

Wanahistoria hutaja sababu kadhaa za kuchagua mahali hapo:

Kwanza ni bandari. Mlango wake ni mwembamba, lakini ndani kuna maji yenye kina yaliyokingwa na upepo. Bagamoyo, ulioongoza kwa misafara ya pembe za ndovu, hauna bandari ya namna hiyo. Vyombo vikubwa hutia nanga mbali na ufuko.

Pili ni biashara. Majid alitaka misafara ya kutoka bara ifikie katika mji ulio chini ya mkono wake, ambako majumbe hawakuwa na haki za zamani za ushuru kama zile za Bagamoyo. Nchi ya Wazaramo pia ilitoa sandarusi, utomvu mgumu uliotumika kutengeneza vanishi na uliotafutwa sana na wafanyabiashara wa Marekani na Ulaya.

Tatu ni siasa. Mjini Zanzibar Majid alizungukwa na ndugu waliokitamani kiti chake, wakubwa wa koo waliomwasi, wadai wake, na makonseli wa nchi za kigeni. Upande wa pili wa mkondo wa bahari angeweza kupumua.

Majengo yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, kama nyumba za Zanzibar. Palijengwa kasri lililotazama bandari, nyumba za wageni na za maofisa, na visima vikachimbwa. Minazi ilipandwa kuuzunguka mji. Waarabu wa Hadhramaut na wafanyabiashara Wahindi walivutwa kuja kukaa. Sehemu kubwa ya kazi ngumu ya ujenzi na mashamba ilifanywa na watumwa, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Hivyo mji ulioitwa kwa jina la amani ulijengwa kwa mikono ya watu wasio huru.

Mnamo Septemba 1867 Majid aliwaalika makonseli wa Uingereza, Ufaransa, Marekani na wa Wajerumani kwenye karamu kubwa katika mji wake mpya. Tangu hapo alikaa huko mara kwa mara. Mfanyabiashara Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, anaeleza kwamba aliporudi kutoka bara na pembe nyingi alimkuta sultani yuko Dar es Salaam.

Miaka ya mwisho na kifo

Mwaka 1866 Salme aliondoka Zanzibar kwa siri akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, ambaye baadaye alifunga naye ndoa. Tukio hilo liliitia aibu familia ya sultani. Mwaka 1869 ugonjwa wa kipindupindu uliingia Zanzibar ukitokea bara na kuua maelfu ya watu. Mwaka huohuo Mfereji wa Suez ulifunguliwa, na njia ya meli kutoka Ulaya kuja Bahari ya Hindi ikafupika sana. Majid hakuishi kuona matokeo yake.

Alifariki Zanzibar tarehe 7 Oktoba 1870, akiwa na umri wa miaka 36 hivi. Hakuacha mtoto wa kiume. Binti yake, Khanfora, baadaye aliolewa na Hamoud bin Mohammed, aliyekuwa sultani kuanzia mwaka 1896. Majid alirithiwa na Barghash, yuleyule aliyemwasi mwaka 1859.

Dar es Salaam baada ya Majid

Barghash hakupenda kuendelea na mradi wa kaka yake. Ujenzi ulisimama, watu wengi wa sultani wakarudi Zanzibar, na baadhi ya nyumba zikaanza kubomoka kabla hazijamalizika. Misafara mikubwa iliendelea kufikia Bagamoyo. Hata hivyo mji haukufa. Wahindi na Waarabu waliobaki walinunua sandarusi, mpunga na mazao mengine ya Wazaramo, na wenyeji wakaendelea na uvuvi na kilimo. Kuanzia mwaka 1877 Mwingereza William Mackinnon alifadhili ujenzi wa barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa, lakini kazi iliachwa mwaka 1881 ikiwa bado karibu na pwani.

Mwaka 1887 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki iliweka kituo chake mjini. Mwaka 1891 serikali ya Ujerumani ilihamisha makao makuu ya koloni lake kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Sababu yake kuu ilikuwa ileile ya Majid: bandari. Chini ya Waingereza mji uliendelea kuwa makao makuu ya Tanganyika na kupewa hadhi ya manispaa mwaka 1949. Tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya uhuru, ulitangazwa kuwa jiji. Mwaka 1973 iliamuliwa kuhamishia makao makuu Dodoma, lakini Dar es Salaam imebaki kitovu cha biashara. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo, ambao una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam (zamani Manispaa ya Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Kumbukumbu

Kasri la Majid halipo tena. Jengo linalojulikana zaidi kati ya yale ya wakati wake ni Boma la Kale, lililoko Posta, Barabara ya Sokoine inapokutana na Barabara ya Morogoro, mkabala na kituo cha boti za Zanzibar. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa sultani. Kuta zake nene za mawe ya matumbawe na milango yake ya nakshi ya Kizanzibari bado vinaonekana. Baadaye lilitumiwa na serikali za Wajerumani na Waingereza, na siku hizi lina kituo cha kuonyesha historia ya majengo ya jiji. Katika barabara hiyohiyo lipo Jengo la Atiman, nalo la miaka ya 1860, ambalo baadaye lilinunuliwa na Mapadri Weupe.

Majengo mengine ya wakati huo yamebomolewa kupisha ofisi na maghorofa. Maelfu ya watu hupita mbele ya Boma la Kale kila siku wakienda kazini, sokoni Kariakoo au kupanda boti, na wengi hawajui kwamba ni miongoni mwa majengo ya zamani kabisa yaliyobaki katikati ya jiji.

Wanahistoria hawakubaliani kama Majid aitwe mwanzilishi wa Dar es Salaam bila maelezo zaidi. Wapo wanaosema kwamba historia ya jiji ianzie kwa Washomvi na Wazaramo wa Mzizima, waliokuwepo kabla yake na waliobaki baada ya watu wake kuondoka. Wengine husema kwamba mji wa Majid ulikuwa karibu kufa, na kwamba uamuzi wa mwaka 1891 ndio ulioufanya uwe jiji. Hoja zote mbili zina ukweli. Kazi ya Majid ilikuwa kuchagua mahali, kulipa jina, na kuweka majengo ya kwanza ya mawe kando ya bandari. Jina lake halisikiki sana mjini, lakini jina alilouchagulia mji ndilo linalotumika hadi leo.